Yi Peng ya Chiang Mai: aliyewahi kwenda anisaidie, natokea Mwanza

MamaKoroboi

Habari za jioni wanajamvi, poleni na majukumu.

Mimi nauza nguo za kike pale Makoroboi, Mwanza. Mara mbili kwa mwaka nafuata mzigo Bangkok, soko la Pratunam. Nanunua magauni na blauzi, nafunga mabelo, namkabidhi mtu wa kago, narudi nyumbani. Miaka yote hiyo Thailand ninayoijua ni gesti, soko na uwanja wa ndege. Hekalu hata moja sijaingia. Nasema hivyo kwa aibu.

Sasa binti yangu wa kidato cha tatu kanionyesha video: usiku, mataa ya karatasi maelfu kwa maelfu yanapaa, watu wameinua nyuso kama wanangoja mvua. Akaniuliza, "Mama, si ndiko unakoendaga huku?" Nikaulizia, nikaambiwa hiyo ni Yi Peng, iko Chiang Mai kule kaskazini, na mara nyingi inaangukia mwezi wa 11. Mwezi wa 11 mimi huwa niko kule nafuata mzigo wa Krismasi! Yaani nimeipita hiyo sherehe sijui mara ngapi nikiwa nahesabu blauzi.

Kwa hiyo mwaka huu nataka kwenda, siku tatu tu. Naomba aliyefika anieleze kama kuna kiingilio au mtu anaingia tu kama mnadani, kama taa unanunua hapohapo, na mavazi yakoje. Halafu kuna la mzee wangu nyumbani. Anasema mimi mwanakwaya wa parokia sina sababu ya kwenda kuwasha taa kwenye dini ya watu. Sina jibu lake. Jina la soko letu lenyewe limetokana na koroboi, zile taa za bati zilizokuwa zinatengenezwa pale, kwa hiyo taa naona ziko damuni, lakini hilo halimtoshi.

Nawasilisha.

Boda wa Buzuruga

Mama yangu, nauli yote hiyo kwenda kuangalia karatasi zinaungua? Subiri usiku wa giza nikupandishe Capri Point, ukae juu ya jiwe, utazame ziwani. Taa za wavuvi wa dagaa hizo hapo, mpaka macho yachoke. Kwenda na kurudi elfu nne, na nakusubiri.

Binti Kayenze

Shikamoo mama. Huyo wa Buzuruga anatania lakini kuna kitu kakigusa, nitakirudia.

Mimi nilifika Novemba 2024. Nilikuwa Bangkok kwenye kozi ya maabara, tukapewa siku nne za mapumziko, wenzangu wakaenda baharini, mimi nikapanda treni ya usiku. Kama una muda panda treni, mama. Ni kilomita 751, unaondoka jioni unaamka asubuhi milimani, na kitanda wanakutandikia shuka safi. Ila kata tiketi mapema sana, wiki ya sherehe vitanda vyote vinaisha.

Kwanza jua kwamba usiku ule zinakutana sherehe mbili. Loy Krathong ni ya Thailand nzima, ya kuelesha vyombo vyenye mishumaa majini. Yi Peng ni ya watu wa kaskazini, watu wa Lanna, waliokuwa na ufalme wao; Chiang Mai ndiyo ilikuwa mji mkuu, umejengwa 1296. "Yi" ni mbili, "peng" ni mwezi mpevu, yaani mwezi mpevu wa mwezi wa pili kwa kalenda yao. Kalenda ya Thai ya kati inauhesabu kuwa wa kumi na mbili, kwa hiyo usichanganyikiwe ukisoma huku hivi na huku vile. Tarehe inahama kama Idi. 2023 ilikuwa mwisho wa Novemba, 2024 katikati, 2025 ikaja wiki ya kwanza. Angalia mwezi kabla hujafunga mabelo.

Sasa kiingilio. Kile alichokiona binti yako, maelfu ya taa kwa mpigo, kinafanyika nje ya mji kwenye viwanja vilivyoandaliwa, na ni cha tiketi. Mimi nililipa baht 4,800, kama laki tatu na sabini zetu kwa wakati ule, na hiyo ilikuwa kiti cha nyuma. Ndani yake kuna basi, chakula cha jioni, mkeka na taa mbili. Basi lilichelewa, tukakaa kwenye foleni saa mbili na nusu, mwongozaji anatuambia "dakika tano" kama makonda wa Nyegezi. Tulipofika watawa walikuwa wameshakaa jukwaani. Wanasoma dua zao kwa sauti moja, taratibu, watu wanatulia, hata Wazungu wa simu juu wanazishusha. Kisha mnaambiwa muwashe.

Hapo sikiliza vizuri, maana mimi niliharibu. Taa yenyewe, khom loi, ni karatasi nyepesi imezungushiwa pete ya mwanzi au waya, inakufika kiunoni, na katikati chini kuna kipande kama cha pamba kilicholowekwa nta. Ukishawasha usiinue! Mdomo wake uuache karibu na ardhi, moshi na joto vijae ndani, karatasi ikakamae. Inachukua dakika moja, mbili, na unaona ni mwaka. Utaisikia inavuta mikono kama mbuzi anayetaka kuondoka, ndipo unaiachia. Mimi nilikuwa peke yangu, nikaona wenzangu wanaachia, nikaachia. Ikapanda kama ghorofa moja, ikalala ubavu, ikashika moto, ikaanguka kwenye mfereji. Kundi zima likasema "oooh". Ya pili alinishikia mama mmoja wa Korea, hatukuelewana hata neno moja, alikuwa ananipiga kofi la mkono kila nikitaka kuinua. Ile ilipaa. Niliitazama mpaka sikuijua tena ipi yangu.

Ni kuzuri? Ni kuzuri mno, nililia. Lakini mama nikwambie ukweli wangu: ile ni shoo. Kipaza sauti kinakwambia kwa Kiingereza washa sasa, subiri, achia sasa, rudini kwenye mabasi. Kama ningekuwa na usiku mmoja tu na ile laki tatu, ningebaki mjini, maana kesho yake nilibaki, na sikutoa kiingilio popote.

Mji mkongwe umezungukwa na handaki la maji pande nne. Ndani yake kuna hekalu dogo la mbao za mtiki, Wat Phan Tao. Watawa vijana, wengine watoto kabisa, wanawasha taa ndogondogo kuzunguka bwawa, mbele ya sanamu ya Buddha chini ya mti. Fika saa kumi jioni kama unataka kuona kitu zaidi ya visogo. Mavazi ni mabega na magoti kufunikwa, viatu nje. Mimi na mtandio wangu sikuwa na la kubadilisha. Wewe beba kanga mbili, zimeshamaliza kazi. Usimguse mtawa wala usimkabidhi kitu mkononi, mwanamke haruhusiwi, weka pale pa kuwekea. Ukikaa chini usimnyooshee Buddha nyayo. Na kichwa cha mtoto wa watu usikipapase, hata akikuchekea.

Mtoni nilishuka karibu na daraja la Nawarat. Mto Ping ulikuwa umefurika vibaya mwezi mmoja nyuma, mwanzoni mwa Oktoba, kwenye kuta bado kulikuwa na mstari wa tope, na mwaka uleule huku kwetu ziwa nalo lilikuwa limepanda mpaka kwenye vyumba vya watu. Watu wamepanga foleni na krathong zao: kipande cha shina la mgomba, majani ya mgomba yamekunjwa kama petali, maua, mshumaa, vijiti vya udi. Wengine wanaweka nywele kidogo au ukucha, mikosi iende nayo. Niliuliza wanaomba nini, dada aliyekuwa ananiuzia akasema wanamshukuru mama wa maji na kumtaka radhi kwa kuyatumia na kuyachafua. Nikakaa kimya. Sisi ziwa letu tulilitaka radhi lini?

Halafu kilichonishika kuliko vyote hakikuwa juu wala majini. Kwenye kichochoro nyuma ya lango la Tha Phae, nilikuwa na taa nyingine ya karatasi niliyonunua barabarani, nataka kuiwasha. Bibi mmoja akatoka kibandani akaninyang'anya kiberiti. Akaonyesha angani, akafanya mkono kama ndege. Kumbe mjini ni marufuku kurusha, uwanja wa ndege uko karibu mno, na usiku huo safari nyingi zinafutwa au zinasogezwa kwa ajili ya hizo taa. Ukikamatwa ni faini au jela. (Kwa hiyo na wewe usikate ndege ya kuondoka usiku wa sherehe, utalala uwanjani.) Basi yule bibi akanishika mkono akanipeleka mlangoni kwake. Kizingiti kizima kimepangwa vikombe vidogo vya udongo, ndani nta na utambi wa pamba. Wanaviita phang prathip. Akanirudishia kiberiti, akaonyesha ambavyo havijawashwa.

Koroboi, mama. Koroboi bila bati. Nimekulia Kayenze, nilifanya hesabu za darasa la saba kwa koroboi, nikajikuta nimechuchumaa kwenye mlango wa mtu ambaye simjui nawasha moja baada ya nyingine na ule mkao uleule wa kukinga upepo kwa kiganja. Nilivimaliza vyote. Nilikuwa na kanga mpya kwenye begi, nikampa.

Ndiyo hapo namrudia wa Buzuruga. Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Kwetu taa zinaingia ziwani usiku wa giza, kwa sababu dagaa wanafuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu mwanga umetapakaa kote, dagaa hawakusanyiki, wavuvi wanashona nyavu na kulala nyumbani. Kule ni kinyume, taa zao zinasubiri mwezi mpevu. Nilikuwa nimesimama pale nawaza, saa hii Kayenze hakuna taa hata moja ziwani.

Kuhusu mzee wako sina fatwa. Mimi ni Mwislamu. Sikusujudu, sikuchoma udi, hakuna aliyeniuliza dini yangu. Na nilisali Ijumaa yangu msikiti wa Ban Haw, wa Waislamu wenye asili ya Yunnan, China, karibu na soko la usiku. Mtaa ule kula khao soi, tambi za mchuzi wa nazi na bizari, halali. Utanikumbuka.

Mlinzi wa Zizi, Igoma

Dada Kayenze umeeleza vizuri ila usimpambie mwenzio dhambi. Taa ile ni ibada. Unaipandisha kwa Buddha, unaachia mikosi yako iende nayo. Mkristo mikosi yake haipandishwi kwa karatasi. Mama, kama unataka kutalii nenda kaone milima. Mumeo kasema neno.

Mpangaji Upanga

Mlinzi uko sahihi kwamba ni ibada, kwa wenyewe wanasema taa zile ni heshima kwa masalia ya nywele za Buddha yaliyoko mbinguni. Lakini kuitazama ibada ya jirani si kuifuata. Hata hapa Dar kuna hekalu la Kibuddha katikati ya jiji, lilianzishwa na Wasinhala waliokuja kutoka Ceylon (Sri Lanka ya leo) enzi za mkoloni. Tunapita mlangoni kila siku na hakuna aliyebadilika rangi. Mama, ukitaka uone mataa ya angani kwenye sikukuu kubwa yenyewe ya Buddha, kuna Borobudur kule Java, Indonesia, mwezi mpevu wa Mei, Vesak. Sema huko hakuna Pratunam.

MamaKoroboi

Marahaba binti Kayenze, na Mungu akuzidishie. Nimesoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, mzee akiwa anakunywa chai. Kwenye kile kipande cha kumtaka radhi mama wa maji aliguna. Hakusema nenda, ila aliguna kwa namna ninayoijua.

Mlinzi nimekusikia, sikubishii. Nitatazama, sitaachia mikosi. Mikosi yangu mingi iko bandarini Dar, karatasi haiwezi kuibeba.

Nimeamua tiketi ya laki tatu naiacha. Nitaenda mjini kwenye hekalu na mtoni. Binti atakasirika kwa kukosa video yake.

MC wa Ilemela

Wakuu naingilia uzi. Hizi taa nimeziona zinauzwa mtandaoni kutoka China bei chee. Nina harusi ufukweni mwezi wa nane, nataka bibi harusi akiingia ziachiwe mia mbili kwa mpigo juu ya ziwa. Mama Koroboi ukiwa unarudi si unaweza kunibebea? Tugawane faida.

Mzee wa Igombe

MC, mimi nakaa Igombe na uwanja wa ndege wa Mwanza ni jirani yangu. Umesoma alivyoandika binti kuhusu ndege, au umeruka mpaka kwenye bei?

Pili, taa ikipanda lazima ishuke, na wewe hujui wapi. Jioni upepo wetu haukai mahali pamoja. Mwezi wa nane majani yamekauka, kuna nyumba za nyasi, kuna dagaa wameanikwa, kuna nyavu na mitumbwi imepandishwa mchangani. Wavu mmoja ukiungua unajua ni shilingi ngapi? Na kama inaangukia majini na moto umezimika, ule waya unabaki. Nimetoa waya za ajabu kwenye wavu, sihitaji za harusi yako.

Binti Kayenze

Shikamoo mzee. Nakuunga mkono kwa herufi kubwa. Ujerumani, mji wa Krefeld, usiku wa kuamkia 2020, watu walirusha taa hizihizi kufurahia mwaka mpya. Moja ikaangukia paa la banda la nyani la bustani ya wanyama. Walikufa wanyama zaidi ya thelathini, wakiwemo sokwe na orangutani, na ilikuwa marufuku kurusha. Hata Chiang Mai kwenyewe asubuhi yake nilikuta mabaki yamening'inia kwenye nyaya za umeme na kwenye miembe, wafagiaji wanayakusanya kwa magunia. Sikuliandika mwanzo, kwenye picha halipo.

MC, chukua makopo mia mbili, weka mishumaa, panga kandokando ya njia ya bibi harusi. Makoroboi hapo wapo mafundi.

MC wa Ilemela

Nimenyoosha mikono. Mzee wa Igombe marahaba sana... samahani, shikamoo! Wazo la makopo nalichukua. Boda wa Buzuruga unakodi siku nzima?

Boda wa Buzuruga

Kwa makopo mia mbili? Tuongee inboksi.

MamaKoroboi

Sibebi taa ya mtu, MC. Mzigo wangu unanitosha.

Binti, la mwisho. Ule usiku nitapita kile kichochoro nyuma ya lango. Najua siwezi kumpata yule bibi, lakini nikimpata au nikimkuta mwingine kama yeye, nataka nimpelekee kanga ya dukani kwangu. Yule wako alipenda rangi gani?

Binti Kayenze

Nilimpa nyekundu na nyeusi. Aliigeuza, akaisoma maandishi kwa kidole kama anaelewa, akaikunja akaiweka kichwani. Kibanda chake kiko upande wa kushoto ukitokea langoni, mbele kuna mashine ya kushonea. Alikuwa anapunguza suruali.

MamaKoroboi

Fundi cherehani! Basi napeleka na vishonio.